Kufufua boti ya baba: rangi ije mwisho

Boti ya marehemu baba ilikaa chini ya turubai miaka tisa. Ni ya faibaglasi, mita tano hivi, mashine ya nje ya farasi 40, juu ya trela la ekseli moja. Siku tulipolifunua turubai, mdogo wangu aliupapasa ubavu uliopauka akasema, "Kaka, hii ni kuipiga rangi tu." Nikamsikiliza. Wikiendi tatu zikaenda kwenye msasa na brashi, boti ikang'aa, kisha tukaja kuikwangua nusu yake tulipogundua kuwa tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, imeoza. Mpangilio ninaokupa hapa ni ule tuliofundishwa na hasara hiyo.

Anza na trela, tena pale pale lilipo. Usilivute kwenda popote kabla hujafungua beringi. Piga jeki, zungusha gurudumu kwa mkono, sikiliza. Likisikika kama linasaga mchanga, jibu umeshalipata, lakini hata likikaa kimya fungua. Ng'oa kifuniko cha habu, yaani kitovu cha gurudumu, chomoa pini, fungua nati, vuta habu yote nje. Grisi yetu ilitoka ya kijivu, inateleza kama kipande cha sabuni kilichosahaulika bafuni. Hayo ni maji. Nilipozifuta rola kwa mafuta ya taa nikaona vidoti vyeusi; nikapitisha ukucha, ukakwama. Ukucha ukikwama, hakuna mjadala: beringi inatupwa pamoja na kikombe chake kilichomo ndani ya habu, na sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia maji, nayo iwe mpya.

Kupakia grisi kuna namna yake. Weka fungu la grisi isiyoondolewa na maji kwenye kiganja, gandamiza upande mpana wa beringi humo, rudia mpaka uone grisi inachomoza upande wa pili. Kisha kaza nati huku gurudumu linazunguka ili kila kitu kikae, ilegeze, ikaze tena kwa vidole tu. Pini iwe mpya. Ile ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo usiirudishe, itakatikia njiani.

Maji yenyewe huingia hivi: habu hupata moto barabarani, ukiitumbukiza majini papo hapo, hewa ya ndani hupoa na kunywea, inavuta maji kupitia kwenye sili. Kwa hiyo ukifika, acha zipoe kwanza. Tairi nazo usizipime kwa kashata zake. Zetu zilikuwa na kashata nzuri, lakini tarakimu nne za mwisho za namba iliyoandikwa ubavuni, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilisema zina miaka kumi na mmoja. Tukanunua mpya. Gonga pia fremu kwa nyundo, hasa palipokaa springi. Kutu hujificha chini ya rangi.

Sasa tezi, ambako ndiko kwenye kazi. Mashine yote inaning'inia hapo, na ndani ya faibaglasi mara nyingi kuna plaiwudi. Gonga kwa mpini wa bisibisi, toka juu kushuka chini. Penye mbao nzima patalia kwa ukali. Palipooza patajibu kwa sauti nzito, iliyofifia. Halafu toboa vitundu vya milimita nne kutokea ndani ya boti, ukiwa umefunga utepe kwenye kekee ili usitokeze nje. Unga ukitoka mkavu na mweupe, shukuru. Kwetu ulitoka mweusi kama udongo wa chungu cha maua, na tundu la chini likaanza kudondosha maji ya kahawia. Yalidondoka usiku kucha.

Shusha mashine kwa winchi. Usidanganyane kwamba watu wawili wanaiweza. Kata ngozi ya ndani ya faibaglasi kwa grenda, uache ukingo wa sentimita tano kuzunguka. Vaa barakoa ya kichujio, miwani na mikono mirefu, maana vumbi lile huwasha siku mbili. Toa mbao iliyooza yote kwa tindo. Sehemu inayoonekana nzuri pembeni ya mbovu, itoe pia. Acha pakauke kabisa, hata ikichukua wiki.

Mbao mpya iwe plaiwudi ya baharini, unene ule ule wa zamani. Mimi nilitumia gundi ya epoksi badala ya ile ya poliesta, kwa sababu epoksi hushika vizuri juu ya faibaglasi ya zamani. Changanya kidogo kidogo na umimine kwenye sinia pana; ukiiacha imejaa kopo hupata moto na kuganda ukiwa bado unatafuta brashi.

Kilichoiozesha ile ya kwanza ni matundu ya bolti. Toboa makubwa kuliko bolti, yajaze epoksi iliyokolezwa unga wake, ikikauka toboa tena kwa kipimo halisi. Maji yakipita sasa yanakutana na epoksi, hayaioni mbao. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na maji ya boti nayo yana safari hiyo hiyo, huishia ngamani, chini kabisa ndani ya boti: kagua sponji iliyo chini ya sakafu, kwani ikinywa maji boti huwa nzito bila kuonyesha sababu.

Mashine ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Mwaga petroli ya zamani, badilisha mipira ya mafuta, safisha kabureta, weka plagi mpya. Fungua skrubu ya chini ya oili ya gia: ikitoka na rangi ya maziwa, sili imepitisha maji. Impela ya pampu ya maji badilisha tu, usiikague. Na usiiwashe mashine bila maji hata kwa majaribio. Impela huungua haraka mno.

Waya zote nilizikata nikaanza upya. Rangi ilikuja baada ya hapo, siku mbili, hakuna cha kusimulia.

Siku ya kwanza majini, chomoa waya wa taa za trela, kisha rudisha nyuma mpaka tezi ielee, mkanda wa mbele ukiwa bado umefungwa. Panda, funua ngama, tazama. Sisi tulikuta maji kiasi cha kikombe, yanatokea kwenye kizibo cha tundu la kutolea maji ambacho mdogo wangu alikuwa amekikaza kwa mkono. Tukaivuta juu, tukakikaza kwa spana, tukaifuta ngama kwa kitambaa, tukairudisha majini na kukaa dakika kumi bila kusema neno. Pakabaki pakavu. Ndipo nikafungua mkanda.