Boksi la Bunduki ya Kale: Liwekwe Wapi, na Lini Litupwe

Somo hili ni la wenye cheti cha kumiliki silaha walio na bunduki ya kale au ya kumbukumbu, na ni la familia ambazo bunduki ilishaondoka nyumbani likabaki boksi tu. Swali huwa lile lile: boksi la kiwandani liwekwe au litupwe? Liwekwe. Ila lisikae na bunduki. Anayelithamini boksi huirudisha bunduki ndani yake akiamini ameitunza vizuri, na masika yakipita anafungua na kukuta kutu imechora umbo la sponji kwenye mtutu. Vitu hivi viwili vinahitaji malazi tofauti.

Hatua ya kwanza: jua ulicho nacho

Si kila boksi lina uzito sawa. Bastola za Marekani za karne iliyopita, kama Colt na Smith & Wesson, ziliuzwa katika boksi la karatasi ngumu lenye nambari ya bunduki. Smith & Wesson kwa miaka mingi waliiandika nambari hiyo kwa mkono, kwa kalamu ya nta, chini ya boksi. Kwa hiyo geuza boksi kabla hujasema halina kitu. Lebo ya pembeni nayo inaeleza modeli, urefu wa mtutu na aina ya umaliziaji wa chuma. Ikiwa lebo inasema nikeli na mtutu wa inchi 4, na bastola iliyo mbele yako ni nyeusi yenye mtutu wa inchi 6, basi ama boksi si lake, ama fundi fulani alishaibadilisha bastola. Hapo boksi ni cheti cha kuzaliwa cha bunduki, na ndiyo sababu mkusanyaji makini huliuliza kabla hajauliza bei.

Bunduki za kumbukumbu zinalihitaji boksi kuliko zote. Winchester, kiwanda cha Marekani, walitoa bunduki zao za Model 94 za namna hiyo, mfano ile ya 1966 ya kuadhimisha miaka 100 ya kampuni. Ziliuzwa zikusanywe, kwa hiyo anayezitafuta anatarajia boksi, karatasi zake na bunduki isiyofyatuliwa. Boksi likikosekana, sehemu kubwa ya alichokuwa anakinunua haipo.

Bunduki za uwindaji za Uingereza ni habari nyingine. Hizo zilikaa katika kasha la mwaloni na ngozi lililokatwa vyumba kwa kipimo cha bunduki yenyewe, na ndani ya kifuniko kuna lebo ya duka. Soma anwani. Rigby, waunda bunduki wa London, walikuwa 72 St James's Street katika karne ya 19, kisha wakahamia 43 Sackville Street. Risasi ya .416 Rigby ilitoka 1911. Ukiona bunduki ya .416 imelala katika kasha lenye lebo ya St James's Street, uliza kasha hilo lilitoka kwa bunduki gani.

Kwetu Kenya kuna alama moja naipenda kuliko zote: kibandiko cha Shaw & Hunter wa Nairobi, wauza bunduki ambao jina lao lilipewa trofi ya wawindaji weledi. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na bunduki nyingi za mashambani huku Bonde la Ufa zikakosa kazi. Nyingine ziliuzwa, nyingine zikarudishwa kwa polisi. Kilichobaki ghalani ni makasha, vitabu vya maelekezo na maboksi matupu, ya rangi nyekundu na manjano, ya risasi za Kynoch, kiwanda cha Uingereza. Hiyo ni historia yetu, na inaniuma ninaposikia imewashiwa jiko.

Bunduki za jeshi, kama Lee-Enfield ya Waingereza, zilisafirishwa nyingi pamoja katika kasha kubwa la mbao. Mtu akikuuzia "boksi la asili" la Lee-Enfield moja, enda polepole.

Hatua ya pili: tenganisha

Hakikisha bunduki haina risasi, kisha itoe kwenye boksi. Inaenda kwenye sefu, kama masharti ya cheti chako yanavyotaka. Ndani ya sefu isimame au ilale bila ngozi na bila sponji. Sponji hunywa unyevu wa hewa na kuushikilia ukigusana na chuma. Kadiri miaka inavyokwenda, sponji yenyewe huoza, ikawa inanata kama gundi na kuacha madoa. Ngozi ina kemikali za kulainishia zilizobaki ndani yake, ndiyo maana risasi za shaba zilizokaa kwenye mkanda wa ngozi huota ukoga wa kijani. Hata mwaloni wa lile kasha la kifahari hutoa mvuke wa asidi. Kasha lilitengenezwa kwa safari ya meli na gari moshi. Halikutengenezwa liwe chumba cha kulala cha miaka 60.

Weka vifuko vya silika jeli ndani ya sefu. Nunua vile vinavyobadilika rangi, kutoka machungwa kwenda kijani, ili ujue vimeshiba. Vikishiba vikaushe kwenye ovena kwa joto la nyuzi 120 hivi, kisha virudishe. Kipima unyevu kidogo kisome kati ya asilimia 45 na 55. Anayeishi Kisumu, na ziwa liko hapo chini, atakausha vifuko mara nyingi kuliko wa Nakuru. Wa Nakuru adui wake mkubwa ni vumbi la Januari, linaloingia kila mwanya na kushikamana na mafuta ya bunduki.

Hatua ya tatu: litunze boksi kama hati

Lipige picha pande zote, na ndani pia, kabla hujaligusa zaidi. Picha yenye nambari ya bunduki ibaki kwako. Usiitume kwenye kikundi chochote.

Usitie selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, na ukija kuibandua inaondoka na uso wa karatasi. Pembe iliyoachana ifunge kwa uzi wa pamba, basi. Usiandike juu yake, wala usifute kilichoandikwa, hata kama kinaonekana ni mchoro wa mtoto. Huenda ni ile nambari ya kalamu ya nta.

Funga boksi kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, kisha liweke ndani ya katoni kubwa zaidi au ndoo ya plastiki yenye kifuniko, pamoja na kifuko cha silika. Gazeti lisitumike, lina asidi na wino wake unahama. Naftalini pia hapana: mvuke wake unaweza kulainisha ile plastiki nyeupe nyepesi iliyomo ndani ya maboksi ya baadaye.

Kisha mahali. Dari la nyumba ya mabati huku magharibi lina popo, panya na joto la mchana, na usiku mabati hutoa jasho. Sakafu ya saruji huvuta maji kutoka ardhini, na mchwa wa Kakamega hawaulizi bei ya Colt Python. Kabati la chumba cha ndani, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nje, ndipo mahali pake. Na pafungwe kwa ufunguo, kwa sababu boksi linamwambia kila anayeliona kwamba nyumba hii ina bunduki.

Hatua ya nne: ukilazimika kulitupa

Boksi likiwa limeliwa na mchwa hadi halishiki umbo, kata ule upande wenye lebo na nambari, uuweke katika bahasha pamoja na kitabu cha maelekezo na risiti. Kilichobaki kichanwe na kuchomwa. Kisiende kwa gari la taka kikiwa kizima. Jaa la Gioto hapa Nakuru lina watu wanaochambua takataka kwa mikono kila siku, na takataka zako zinajulikana zimetoka mtaa gani. Hili nalisisitiza kuliko lolote katika somo hili, kwa kuwa hasara ya boksi ni pesa, lakini hasara ya mwizi kujua una silaha ni roho za watu.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kisumu:* Mzee, salamu. Nina bastola ya Webley na kipochi chake cha ngozi cha zamani. Nikiipaka mafuta mengi, siwezi kuiacha humo?

Salamu ndugu yangu. Ngozi itayanywa mafuta hayo na kukiacha chuma kikavu mahali panapogusana, tena ngozi yenyewe italegea na mshono kuachia. Ipake mafuta membamba tu, iingie kwenye sefu peke yake. Kipochi kijazwe karatasi isiyo na asidi kishike umbo, kiwekwe kando.

*Mwanachama, Molo:* Mume wangu alifariki na bunduki tukaipeleka kituoni. Nimebaki na boksi na karatasi. Kuna mtu anataka kuninunulia boksi. Ni vibaya kuuza?

Pole sana mama, na mlifanya vyema, kwa sababu cheti ni cha mtu binafsi na hakirithiwi. Boksi tupu si silaha. Lakini kwanza lipekue hadi chini ya sponji. Risasi moja au magazini vikipatikana, viende kwa polisi. Pili, hakikisha una nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) ya siku mliyoikabidhi bunduki, na karatasi hiyo usiiuze wala usiitoe. Tatu, mwulize huyo mnunuzi anataka boksi la nini. Boksi lenye nambari ya bunduki ya marehemu likioanishwa na bunduki nyingine, ni udanganyifu unaobeba jina la familia yako. Mimi ningelihifadhi.

*Mwanachama, Kakamega:* Boksi langu limeota ukungu wa kijivu baada ya mvua. Nilipanguse kwa kitambaa chenye dawa?

Hapana dada, maji yataupeleka ukungu ndani ya karatasi. Lianike kivulini penye upepo hadi likauke kabisa. Jua kali litafifisha rangi. Likishakauka, jifunge barakoa, utoke nje, upepetee ukungu kwa brashi laini ya rangi, ukipiga kuelekea mbali nawe. Kama kuna vidudu pia, lifunge ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, liingie kwenye friza kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue nailoni hadi lifikie joto la chumba, la sivyo maji yatatanda juu yake.

*Mwanachama, Bungoma:* Ninauza vitu vya kale. Nimeletewa boksi la Kynoch, na ndani mna risasi mbili zenye ukoga. Si za zamani sana kufanya kazi?

Kaka, usizisafishe, usizitikise, na usipande nazo bodaboda kuzipeleka popote. Risasi ni risasi mbele ya sheria hata ikiwa ya enzi ya mkoloni, na kuwa nayo bila cheti ni kosa. Pigia kituo cha polisi kilicho karibu, ueleze ulivyoletewa, waje wazichukue, na upewe nambari ya OB. Omba wakuachie boksi. Hilo ndilo lenye thamani kwako.

*Mwanachama, Naivasha:* Nimepata mtandaoni boksi jipya lililotengenezwa kuiga la zamani. Linafaa?

Kwa kuonyesha, linafaa. Andika kwa penseli ndani ya kifuniko kwamba ni nakala na mwaka ulioinunua, ili mwanao asije akaliuza kama la asili bila kujua. Ukitaka kukagua boksi linalodaiwa kuwa la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, chukua ile taa ya dukani ya kukagua noti bandia, ulimulike gizani. Karatasi za siku hizi hutiwa kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka buluu. Karatasi ya zamani hiyo haiwaki. Kwa maboksi ya miaka ya 1960 na kuendelea kipimo hiki hakisemi kitu, hapo rudi kwenye nambari, lebo na maandishi ya chini.

*Mwanachama, Nakuru:* Sponji ya boksi langu imeshaanza kunata. Niitoe au niiache kwa kuwa ni ya asili?

Itoe. Ipige picha kwanza, kata kipande kidogo ukitie kwenye kifuko chake ukiandike, kisha sponji iliyobaki itupe. Ukiiacha itakula lebo ya ndani.