Anza na Korido: Namna ya Kutengeneza Kipindi Chenu cha Star Trek ya Zamani

Vijana wanaoipenda Star Trek ya 1966, mfululizo wa televisheni wa Kimarekani kuhusu chombo cha anga za juu, huniuliza swali lile lile: tukitaka kutengeneza kipindi chetu wenyewe, tuanzie wapi? Mimi ni seremala. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu Morogoro, na siku hizi naifanyia Syracuse, jimbo la New York. Kwa hiyo nawajibu kiseremala: chumba cha nahodha, kile chombo kinamoongozwa, kiacheni kwanza, jengeni kipande kimoja cha korido, na mkijenge vizuri.

Ila kabla ya kukata ubao, hadithi iwe imeandikwa, tena kwa kufuata kanuni. Wenye haki za mfululizo, CBS na Paramount, walitoa kanuni za filamu za mashabiki Juni 2016, katikati ya kesi yao na waandaaji wa Axanar, filamu ya mashabiki iliyochangisha zaidi ya dola milioni 1. Filamu isizidi dakika 15, na ikigawanywa sehemu mbili, jumla isizidi 30. Michango isivuke dola 50,000. Washiriki wote wajitolee, asilipwe mtu. Jina la filamu lisiwe na maneno Star Trek. Yanakaa kwenye jina dogo la chini, A Star Trek Fan Production. Na hadithi iwe yenu, msirudie kipindi kilichokwisha kutengenezwa.

Kanuni hizo zilizima miradi mirefu, na mimi zinaniuma. Star Trek Continues, mfululizo wa mashabiki, ilitoa vipindi 11 kati ya 2013 na 2017 kutoka Georgia, na cha kwanza kilimrudisha Michael Forest kuwa Apollo, mungu wa Kigiriki, nafasi aliyoigiza 1967. Kazi ya namna ile haiingii ndani ya dakika 15. Lakini watu wawili, mlango uliofungwa na uamuzi usiokwepeka vinaingia. Andikeni hicho.

Sasa mbao. Plaiwudi ya kawaida ina futi 4 kwa 8, na huo ndio uwe ukubwa wa kila ukuta: watu wawili wanaubeba na unaingia kwenye gari la mizigo. Korido ya Enterprise, chombo cha mfululizo ule, imepinda, na kupinda huko ndiko kunakomfanya mtazamaji aamini chombo kinaendelea mbele. Kateni mbavu za mviringo kutoka plaiwudi nene ya milimita 18, zipangeni kila baada ya sentimita 40, kisha vikeni plaiwudi nyembamba ya milimita 4. Ijaribuni kwanza kwa mikono; kuna upande inakokubali kupinda na upande inakokataa. Ungeni kuta kwa boliti, msipige misumari. Kwenye seti ya asili, vipande vya chumba cha nahodha viliweza kuondolewa ili kamera ipate pa kusimama, nanyi mtahitaji nafasi hiyo hiyo. Nyuma ya kila ukuta wekeni egemeo la pembetatu na mfuko wa mchanga juu yake. Hili sibishani na mtu, kwa sababu ukuta ukianguka unamwangukia mwigizaji.

Mlango utundikeni kwenye reli ya juu, mtu ajifiche pembeni auvute kwa kamba. Hata milango ya 1966 ilivutwa na watu. Mvutaji na mwigizaji wafanye mazoezi pamoja hadi mwigizaji apite bila kupunguza mwendo.

Rangi ya kuta iwe kijivu. Jerry Finnerman, mpiga picha mkuu wa mfululizo ule, alizimwagia kuta za kijivu mwanga wa rangi, ukuta mmoja ukawa wa zambarau hapa na wa kijani pale. Taa mbili zenye karatasi za plastiki za rangi zitawapa korido tatu kutoka kipande kimoja. Kwangu mimi, hapo ndipo uzuri wote wa kazi hii ulipo.

Sare zinazouzwa rasmi, kanuni zinataka mnunue hizo. Fundi cherehani wenu ashone nguo za wageni wa sayari nyingine, na kila kitambaa mkipige picha chini ya taa zenu kabla ya kununua jora. Shati la nahodha tunaloliona la dhahabu, kwa macho lilikuwa la kijani.

Kwa vifaa vidogo, pitieni maduka ya vyombo. Kipindi cha kwanza kurushwa, 8 Septemba 1966, kilihusu kiumbe anayekula chumvi. Vikopo vya chumvi vya umbo la ajabu vilivyonunuliwa kwa ajili yake vikawa vifaa vya tiba vya Dakta McCoy, daktari wa chombo. Na katika kipindi hicho hicho, kiumbe yule anajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo, kwa Kiswahili! Kama Uhura yumo katika hadithi yenu, mpeni sentensi za Kiswahili, na mwigizaji akae na mtu aliyekulia katika lugha hii mpaka zimtoke bila kujikaza. Sisi tutakaosikiliza ni wengi.

Mkimaliza, irusheni bure: hakuna kiingilio, matangazo ya kulipwa wala DVD za kuuza. Kwenye orodha ya majina ya watengenezaji inayoonyeshwa kwenye skrini wekeni tamko la haki kama kanuni zilivyoliandika.

Kuta msizitupe. James Cawley, aliyeanzisha New Voyages, mfululizo mwingine wa mashabiki, na kutoa kipindi cha kwanza 2004, aliendelea kujenga seti zake hadi 2016, alipozifungulia wageni huko Ticonderoga, jimbo la New York, kwa kibali cha CBS. Nilipoingia, nilitazama viungo vya kuta kuliko viti. Zenu zifungueni boliti, andikeni namba kwa chaki nyuma ya kila moja, zilazeni mahali pakavu juu ya vipande vya mbao zisiguse sakafu, na kikundi kingine kikiomba kuazima, kipeni pamoja na boliti zake.