Kuilinda Akaunti ya Gemu kwa Ufunguo wa Usalama: Mwongozo kwa Wachezaji wa Tanga

Mchezaji wa Tanga anayechezea kwenye simu, iwe Free Fire, PUBG Mobile au eFootball, mara nyingi hana nywila ya gemu yenyewe. Siku ya kwanza alibonyeza kitufe cha Google au cha Facebook, gemu ikafunguka, na tangu hapo almasi alizonunua, skini alizozipata kwa miezi ya kucheza na cheo alichopanda vimefungamana na akaunti hiyo ya Google au Facebook. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuilinda akaunti yake kwa ufunguo wa usalama, yaani kifaa kidogo kinachochomekwa au kugusishwa kwenye simu au kompyuta ili kuthibitisha kwamba anayeingia ni yeye, asianze kwa kuuliza anunue ufunguo gani. Aanze kwa kuuliza akaunti yake inaingiwa kwa njia ipi, na nywila ikipotea inarudishwa kupitia wapi. Kwa wachezaji wengi jibu ni barua pepe, na hapo ndipo ufunguo unapotakiwa kuwekwa kabla ya mahali pengine popote.

Jibu hilo hupatikana ndani ya gemu yenyewe. Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya akaunti, uangalie ni akaunti zipi zilizounganishwa. Baadhi ya gemu, PUBG Mobile ikiwa mojawapo, huruhusu kuunganisha zaidi ya moja, na mwizi hatahangaika na Google iliyolindwa ikiwa Facebook ya mchezaji huyohuyo bado inatumia nywila aliyoiweka akiwa sekondari. Anayecheza kama mgeni, bila kuunganisha chochote, hana cha kulinda kwa ufunguo wowote. Aunganishe kwanza, kwani simu yake ikipotea leo, hata yeye mwenyewe hataweza kuthibitisha kwamba akaunti ni yake.

Kifaa chenyewe na namna kinavyofanya kazi

Matumizi ya vifaa vya usalama katika gemu si jambo la jana. Mwaka 2008 kampuni ya Blizzard, inayomiliki World of Warcraft, ilianza kuwauzia wachezaji wake kifaa kidogo cha kuning'iniza pamoja na funguo za nyumba, kwa dola 6.50 za Marekani. Ukibonyeza kitufe chake, namba hujitokeza kwenye kioo, nawe unaiandika baada ya nywila. Mwaka uliofuata Square Enix ya Japani ilileta kifaa cha aina hiyo kwa wachezaji wake. Programu za simu zinazotoa namba sita zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 hufuata mantiki hiyohiyo: kifaa na seva vina siri moja vinayoishiriki, na namba hukokotolewa kutokana na siri hiyo pamoja na muda uliopo.

Kasoro ya namba ni kwamba huandikwa na binadamu, na binadamu huweza kuiandika pasipostahili. Mchezaji anayetumiwa kiungo cha «zawadi ya almasi 10,000» hupelekwa kwenye ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia. Akiandika nywila na namba sita, mwizi huzichukua zote na kuzitumia kwenye ukurasa halisi kabla sekunde 30 hazijaisha. Hayo si ya kufikirika, kwani mwaka 2010 baadhi ya wachezaji wa World of Warcraft waliokuwa na vifaa vya Blizzard waliibiwa kwa njia ya namna hiyo, baada ya programu hasidi kuingia kwenye kompyuta zao na kuzinasa namba zikiandikwa.

Ufunguo wa usalama wa kisasa, unaofuata kanuni za FIDO (muungano wa kampuni unaoweka viwango vya kuingia kwa usalama), umeundwa ili kuiondoa kasoro hiyo. Unaposajiliwa kwenye tovuti, huzalisha jozi ya funguo za kihesabu: mmoja wa wazi hukabidhiwa tovuti, mwingine wa siri hubaki ndani ya kifaa na hautoki humo. Unapotaka kuingia, tovuti hutuma swali, kivinjari huambatanisha jina halisi la tovuti iliyofunguliwa, na ufunguo hulitia saini swali hilo baada ya wewe kuugusa kwa kidole. Jina la tovuti likitofautiana hata kwa herufi moja na lile lililosajiliwa, hakuna saini inayotolewa. Kwa maneno mengine, hata ukiingizwa mjini na ukurasa bandia, kifaa chako hakiingii. Mwaka 2018 Google ilieleza kwamba tangu mapema 2017, ilipoanza kuwataka wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kutumia funguo hizi, haikuwa na taarifa ya akaunti ya kazi iliyotekwa kwa ulaghai wa aina hiyo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kutumia fedha kwenye kifaa hiki badala ya kutosheka na namba za programu.

Namba zinazotumwa kwa ujumbe mfupi ni dhaifu zaidi, kwani humfuata mwenye laini, na laini huweza kuhamishwa. Kwetu Tanzania laini husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, lakini wakala asiye mwaminifu anaweza kukuambia kidole «hakijasoma» ili ukiweke tena, kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ujumbe wa kitapeli ukikufikia, usambaze kwenda namba 15040.

Kununua

Funguo za kawaida, kama zile za Yubico, huuzwa kwa takriban dola 25 hadi 60 za Marekani kila mmoja, bila kuhesabu usafirishaji na ushuru. Fedha hizo si ndogo kwa kijana wa Makorora au Mabawa anayenunua bando la siku, na sioni haja ya kumshauri anunue yule ambaye akaunti yake ina mwezi mmoja na haina kitu. Mwenye akaunti ya miaka mitatu iliyojaa manunuzi, au anayetumia Gmail hiyohiyo kwa shule, kazi na malipo, ana sababu ya kutosha.

Kabla ya kuagiza, itazame simu yako. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Ngamiani hazina NFC, yaani mawasiliano ya kugusisha vifaa bila waya, kwa hiyo ufunguo wa kugusisha mgongoni mwa simu hautakufaa. Chagua wenye kichwa cha USB-C unaochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la chaji. Ukipata wenye USB ya kawaida, kigeuzi cha OTG kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu hutosha. Usinunue uliokwisha kutumika, wala usinunue kwa mtu wa kundi la WhatsApp asiyeweza kueleza alikoupata. Ufunguo wa Yubico huhakikiwa kwa kuuchomeka na kufungua yubico.com/genuine.

Nunua miwili. Mwenye mmoja tu, akiupoteza kwenye daladala, atalazimika kutegemea njia dhaifu za kurejesha akaunti, na kama njia hizo zipo kwa ajili yake, zipo kwa ajili ya mwizi pia. Ikiwa bei inakuelemea, ni heri miwili ya bei ya chini kuliko mmoja wa bei ya juu. Tofauti moja tu ya kuzingatia ni kwamba funguo za YubiKey za mfululizo wa 5 huweza pia kuhifadhi siri za namba sita, jambo litakalotufaa hapa chini, ilhali zile za bei ya chini za kampuni hiyohiyo hazina uwezo huo.

Kusajili

Fanya usajili kwenye simu au kompyuta yako mwenyewe, au ya mtu unayemwamini nyumbani. Kompyuta ya kibanda cha gemu au ya duka la intaneti haifai kwa kazi hii, hata kama mwenye duka ni binamu yako.

Anza na Google. Fungua myaccount.google.com kwa kuandika anwani hiyo kwa mkono, ingia sehemu ya usalama, kisha tafuta uthibitishaji wa hatua mbili na sehemu ya funguo za siri (passkeys, zinazotumika badala ya nywila) na funguo za usalama. Chagua kuongeza ufunguo. Simu ikikupendekezea kuhifadhi kwenye simu yenyewe, kataa, uchague kifaa kingine au ufunguo wa usalama. Chomeka ufunguo, weka pini utakapoombwa, kisha uguse sehemu yake ya chuma. Pini hiyo ni ya kifaa, si ya Google, na inapaswa kuwa na tarakimu au herufi zisizopungua nne. Ukiikosea mara nane mfululizo, ufunguo hujifunga, na kuufungua tena maana yake ni kufuta usajili wote uliomo. Kwa hiyo pini isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, lakini pia isiwe kitu utakachokisahau baada ya mfungo wa Ramadhani. Upe kila ufunguo jina, kwa mfano «wa mfukoni» na «wa nyumbani», kisha urudie hatua zilezile kwa ufunguo wa pili siku hiyohiyo.

Baada ya hapo inakuja hatua ambayo wengi huiruka, nayo ni kuiondoa namba ya simu kwenye njia za hatua ya pili. Ufunguo uliowekwa juu ya akaunti ambayo bado inakubali ujumbe mfupi haujafunga kitu, kwani anayeshambulia atachagua ujumbe mfupi. Kisha fungua orodha ya vifaa vilivyoingia na uviondoe vyote usivyovitambua, ikiwemo ile simu uliyoiuza mwaka jana. Google ina pia mpango wa ulinzi wa juu zaidi, ila mchezaji anayepakua faili za APK, yaani za kusakinishia programu, kutoka nje ya duka la Play aufikirie mara mbili, maana huzuia upakuaji huo kwenye simu.

Facebook nayo hukubali ufunguo. Utaiona sehemu hiyo kwenye mipangilio, chini ya nywila na usalama. Akaunti ya Microsoft, ambayo ndiyo ya Xbox na Minecraft, hukubali pia, na usajili wake ni rahisi zaidi kwenye kompyuta. Vivyo hivyo Discord na Roblox.

Zipo zinazokataa. Steam haipokei ufunguo, bali hutumia programu yake ya simu, na asiyeitumia hucheleweshewa mabadilishano ya bidhaa kwa siku 15. Hapo unachoweza kufanya ni kuilinda barua pepe ya Steam kwa ufunguo, kuwasha programu hiyo, na kuandika pembeni namba ya kurejeshea inayoanza na herufi R. Epic Games na EA hukubali programu za namba sita: mwenye YubiKey ya mfululizo wa 5 anaweza kuzihifadhi siri hizo ndani ya ufunguo na kuzisoma kwa programu ya Yubico Authenticator, hivyo kwamba simu ikiibwa, namba hazimo ndani yake. Kumbuka tu kwamba namba hizo, hata zikitoka kwenye ufunguo, bado zinaweza kunaswa na ukurasa bandia. PlayStation hutoa programu ya namba, na tangu 2024 hukubali pia funguo za siri zinazokaa kwenye simu.

Pale ufunguo usipokusaidia

Ufunguo hulinda kitendo cha kuingia. Ukishaingia, tovuti huiachia simu au kompyuta yako kibali cha kuendelea bila kuulizwa tena, na kibali hicho kikiibwa, mwizi haulizwi ufunguo. Programu za udanganyifu, zile zinazoahidi kuona adui nyuma ya ukuta au kuzalisha almasi za bure, ni njia kuu ya kuiba vibali hivyo. Mwenye kuzipakua asitarajie kifaa chochote kimlinde. Vilevile kwenye vibanda vya gemu vya Barabara za Ngamiani, mtu anayeingia kwenye akaunti yake na kuondoka bila kutoka ameiacha mikononi mwa anayekaa baada yake. Ufunguo aliouchomoa na kuutia mfukoni haubadilishi hilo.

Tabia ya kuazimana akaunti nayo itagongana na ufunguo, na mimi naona ni vyema igongane. Anayetaka rafiki yake amchezee mechi za kupandisha cheo atalazimika kuwepo kwa ajili ya kugusa kifaa. Anayenunua akaunti ya mtu mwingine, licha ya kukiuka masharti ya gemu nyingi, ajue kwamba aliyemuuzia akibaki na barua pepe ya awali anaweza kuirudisha kwake wakati wowote.

Kutunza na kupoteza

Ufunguo wa mfukoni utembee na funguo zako nyingine. Ule wa nyumbani ukae kwa mtu mzima asiyehamahama, kwa mfano mama au bibi, ndani ya kasha lisilopata unyevu, kwani hewa ya chumvi ya Raskazone haina urafiki na chuma kilichoachwa wazi dirishani. Namba za akiba ambazo Google na wengine hukupa ziandike kwa kalamu kwenye karatasi na kuzihifadhi pamoja nao. Usizipeleke zikachapishwe kwenye duka la stationery: faili hubaki kwenye kompyuta ya watu, na picha yake kwenye WhatsApp.

Mara moja kila baada ya miezi michache, ingia kwa kutumia ufunguo wa nyumbani ili uhakikishe pini yake bado unaikumbuka. Ukiupoteza wa mfukoni, ingia kwa ule wa nyumbani siku hiyohiyo, ufute uliopotea kwenye orodha ya kila akaunti uliyousajili, kisha uagize mwingine kabla hujarudi kwenye mechi zako.