Kuunda mhusika wa Call of Cthulhu ukiwa mgeni mezani

Umealikwa kwenye meza ya Call of Cthulhu, mchezo wa mezani wa visa vya kutisha ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake, na mchezo pekee uliouzoea ni Dungeons & Dragons (D&D), ule wa mapanga na uchawi, au hata dadu hujawahi kuzishika. Wageni wengi huanza na mtu waliyemwota: jina zito, kovu shavuni, bastola mbili kiunoni. Mwache huyo kwanza, ujiulize mchezo unakurushisha dadu kwa ajili ya nini. Kwenye D&D mara nyingi ni kupigana. Hapa ni kupeleleza: kupekua magazeti ya zamani, kumtambua anayedanganya, kuona damu chini ya zulia. Ukileta mpiganaji, utakaa saa mbili ukiwatazama wenzako wakicheza.

Hatua ya 1: Muulize msimamizi

Kwenye mchezo huu msimamizi, yaani anayesimulia kisa na kuendesha kanuni, huitwa Keeper. Muulize kwanza ni toleo gani. Kampuni ya Chaosium ilitoa mchezo mwaka 1981, na hadi toleo la 6 sifa za mhusika ziliandikwa kwa namba ndogo, kama 13. Toleo la 7 la mwaka 2014, ambalo ndilo tunalofuata hapa, huzizidisha mara 5, kwa hiyo 13 huwa 65. Ukipakua karatasi ya mhusika ya toleo la zamani ukaijaza kwa kanuni mpya, hesabu zitagoma na hutajua kwa nini.

Uliza pia kipindi (miaka ya 1920 ndiyo ya kawaida, ila wengine huchezesha visa vya siku hizi), kama ni kikao kimoja au mfululizo, na wenzako wanacheza akina nani. Kama daktari yupo tayari, usilete wa pili.

Hatua ya 2: Gawa namba nane

Sifa ziko nane. Kanuni ya kawaida ni kurusha dadu, lakini mgeni aombe njia ya haraka: unapewa 80, 70, 60, 60, 50, 50, 50 na 40, unazipanga upendavyo. Inaokoa muda, na inakuepusha na mhusika aliye hoi kila upande kwa sababu tu dadu zilikununia.

Tuseme tunamtengeneza mwandishi wa habari wa Boston. EDU (elimu) 80, INT (akili) 70, POW (nguvu ya nafsi) 60, DEX (wepesi) 60, CON (ustahimilivu wa mwili) 50, SIZ (ukubwa wa umbo) 50, APP (mvuto wa sura) 50, STR (nguvu) 40.

Kwa nini 80 iende kwenye elimu? Kwa sababu pointi za stadi za kazi yake ni EDU mara 4. Ukiweka 80 unapata 320. Ukiweka 50 unapata 200. Pointi 120 unazikosa, na huna njia rahisi ya kuzirudisha baadaye. Aliyetoka D&D huwa anaiweka hiyo 80 kwenye STR bila hata kufikiri.

Hatua ya 3: Namba zinazotokana na sifa

Jumlisha CON na SIZ, gawa kwa 10: uhai wa mwandishi wetu ni 10. SAN, yaani akili timamu, huanza sawa na POW: 60. Pointi za uchawi ni POW gawanya kwa 5: 12. Bahati huipangi mwenyewe, unairushia dadu tatu za pande sita, jumla yake mara 5. Ukipata 11, bahati ni 55.

Hiyo 10 ya uhai iangalie vizuri. Bastola ya .38 hupiga kwa dadu ya pande kumi. Pigo moja likifika nusu ya uhai wako kamili, hapa ni 5, ni jeraha kubwa: unaanguka, na ukishindwa kurusha chini ya CON unazimia. Risasi moja tu inatosha kukutoa mchezoni, ndiyo maana wachezaji wazoefu hukimbia bila aibu.

Hatua ya 4: Pointi za stadi

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kila stadi ina kiwango cha kuanzia kilichochapwa kwenye karatasi. Unaongeza juu yake. Kabla ya yote lipia Credit Rating, yaani hali ya kifedha, kwa sababu kila kazi ina mipaka yake na ya mwandishi wa habari ni 9 hadi 30. Wengi huisahau, wakaja kugundua pointi zimekwisha na mhusika ni fukara asiye na kazi. Tumpe 20. Zimebaki 300:

- Library Use (kupekua maktaba) 20 + 50 = 70
- Spot Hidden (kuona kilichofichika) 25 + 45 = 70
- Psychology (kumsoma mtu) 10 + 50 = 60
- Persuade (kushawishi) 10 + 50 = 60
- Upigaji picha 5 + 45 = 50
- History (historia) 5 + 35 = 40
- Stealth (kunyemelea) 20 + 25 = 45

Kisha stadi binafsi, INT mara 2, yaani 140: Listen, yaani kusikiliza, +40 (60), First Aid, yaani huduma ya kwanza, +30 (60), bastola +30 (50), Dodge, yaani kukwepa, +20 (50, maana huanza na nusu ya DEX), kuendesha gari +20 (40).

Usitawanye pointi kumi kumi kila mahali. Unarusha dadu ya mia moja na unatakiwa upate namba sawa na stadi yako au chini yake, kwa hiyo stadi ya 30 hukuangusha mara saba katika kumi. Wala usiguse Cthulhu Mythos, stadi ya kuyajua majinamizi ya mchezo huu. Huanza na 0 na hairuhusiwi kununuliwa.

Lugha nayo ina mtego. Lugha ya mama huanza sawa na EDU, nyingine yoyote huanza na 1. Ukitaka baharia wa Lamu aliyeshukia bandari ya Boston, Kiswahili chake ni 80, lakini Kiingereza lazima ukilipie, la sivyo hata mpangishaji wake hataelewana naye.

Hatua ya 5: Nusu na moja ya tano

Pembeni ya kila namba kuna visanduku viwili. Stadi ya 70 andika 35 na 14, namba utakazolenga kwenye jaribio gumu na gumu kupindukia. Fanya sasa, usije ukasimamisha mchezo kila dakika kupiga hesabu.

Hatua ya 6: Maisha yake

Sentensi moja moja inatosha: anaamini nini, nani wa muhimu kwake, mahali gani, kitu gani. Kisha weka alama kwenye kimoja kama kiungo kikuu, kwa mfano kamera aliyoachiwa na dada yake. Hicho ndicho huweza kumsaidia kurudisha SAN kati ya visa, na ndicho Keeper atakachokitishia. Ukiandika "hana ndugu, hana makao", umemnyima Keeper pa kukushika na wewe mwenyewe pa kujiponyea.

Uhai, SAN na bahati viandike kwa penseli. Vitafutwa usiku huohuo.