Usiulize kabila, uliza jana walipika nini

Sisi tunaozunguka mitaani na daftari za afya hapa Mombasa tuna tabia ya kuhukumu sufuria kwa jina la ukoo: Mswahili ni mafuta, Mgiriama ni sima, Baniani ni vitamu. Ukitaka kujua nani yu karibu na muongozo wa lishe wa Wizara ya Afya wa 2017, anza na jana.

"Bi mkubwa, jana tangu mulipoamka mpaka kulala, mulikula nini?" Usimtajie chakula, atakujibu unachotaka kusikia. Viazi karai na kachri husahaulika, basi rudia: "Na baina ya alasiri na magharibi?" Pilau ya Ijumaa, arusi na Ramadhani ziandike mbali.

Kisha gawa vyakula mafungu. Wali, sima, mihogo na viazi ni fungu moja. Kiazi hakihesabiwi mboga hata kikijaa mchuzini. Mbaazi za nazi ni jamii ya kunde, na muongozo unazitaka angalau mara nne kwa wiki. Kwa hiyo mla mahamri kwa mbaazi kila asubuhi keshatimiza hilo bila kuambiwa na mtu! Deni lake liko kwenye hamri lenyewe na sukari ya chai. Kwenye nyumba ya mchicha na mchunga wa kila siku, dadisi samaki na matunda. Kwenye nyumba ya dengu na mtindi, dadisi samli.

Chumvi usiulize vijiko, hakuna anayevihesabu. Uliza pakiti ya nusu kilo hukaa siku ngapi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kwa hivyo kwa watu wazima watano pakiti ikiisha kabla ya siku 20, wamezidisha. Na samaki wakavu kama papa na ng'onda, pamoja na achari, huja na chumvi yao, haimo pakitini. Hapo ndipo wengi wetu wa pwani tunapopotea, wa kila kabila.

Halafu pesa. Majirani wawili wa kibarua kimoja, Mdigo na Mkamba, nawaona wakila sawa kuliko kila mmoja na nduguye wa Nyali, mtaa wa wenye nacho. Ukilazimika kuandika kabila, andika ubavuni kodi ya nyumba, na kama mboga hununuliwa soko la Kongowea kwa jumla au kibandani kwa fungu.