Kupima ubora wa hei na mashudu: hatua kwa hatua kwa mfugaji wa Mtwara

Naandika baada ya kumsaidia jirani hapa Mikindani. Ng'ombe wake wanakula mpaka wanaacha, maziwa hayapandi.

1. Nusa na utazame. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ikiwa nzuri ina ukijani, na majani yake yanazidi vijiti. Ikinuka ukungu, itupe, usiipeleke maabara.

2. Mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Mimi napendelea ya ufuta. Ya alizeti mara nyingi yamejaa maganda. Tia kiasi kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Kama kuna mchanga, utatuama chini.

3. Sampuli. Hapa ndipo watu hupoteza hela. Maabara hupima gramu chache tu, kwa hiyo ukiwapelekea konzi ya robota la juu, majibu ni ya konzi hiyo. Chukua kwenye marobota yasiyopungua 10, ya juu, ya katikati na ya chini. Usinyofoe kwa mkono: majani yatapukutika ubaki na vijiti, na protini nyingi iko kwenye majani. Kata kwa mkasi, ukinge kila kinachodondoka. Nyasi zilizokatwa zikianza kuchanua usizichanganye na zilizokatwa zimeshakomaa, hata kama zimelala banda moja. Hizo ni sampuli mbili. Mwaga kwenye turubai safi, changanya, gawa rundo mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, rudia mpaka ibaki kama nusu kilo. Mashudu vilevile, ila ingiza mkono mpaka chini ya gunia, maana chenga nzito hushuka. Funga kwenye bahasha ya kaki. Majani mabichi yakifungwa kwenye plastiki, kwa joto letu hili, yatachacha kabla basi halijafika Dar. Badala yake yapime uzito, andika, yaanike kivulini, yapime tena ujue maji yaliyotoka.

4. Peleka TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), hapa Mtwara au maabara kuu ya Temeke, Dar. Omba protini ghafi, nyuzinyuzi na majivu (kinachobaki sampuli ikichomwa: madini, na mchanga kama upo).

5. Kusoma majibu. Linganisha namba zilizohesabiwa bila maji: majani mabichi yenye protini asilimia 2 na maji asilimia 80 ni sawa na asilimia 10 yakikauka. Protini ya hei ikiwa chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni vinakosa chakula, usagaji unazorota. Kwa mashudu, kumbuka maabara hupima naitrojeni kisha huzidisha kwa 6.25. Aliyechanganya urea atapata namba ya kupendeza, kwa hiyo ukimshuku muuzaji, omba urea ipimwe peke yake.