Ukienda Ayutthaya, beba khanga

Kila mgeni wa kutoka nyumbani anayefikia kwangu Bangkok huuliza mambo mawili: nguo za jumla zinauzwa wapi, na kuna nini cha kuona zaidi ya maghorofa. Kwa swali la kwanza namwelekeza Pratunam. Kwa la pili namwambia apande treni aende Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Thailand, kilomita 80 hivi kaskazini, na jioni arudi kulala.

Safari yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilikwenda Aprili, mwezi wa joto kuliko yote, nikatoka nyumbani saa nne asubuhi bila kofia, na orodha ya mahekalu kumi mfukoni. Saa nane mchana nilikuwa nimejikunyata chini ya mti, kichwa kinagonga, na picha mia mbili kwenye simu ambazo hadi leo siwezi kusema ipi ni ya wapi. Sasa huwa naenda sehemu nne tu, na huwa narudi nimeridhika.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazotukwamisha. Thailand inaangalia pasipoti, haiangalii unaishi wapi. Kibali chako cha kuishi Dubai au London hakigeuzi pasipoti ya Tanzania au Kenya kuwa kitu kingine, kwa hiyo omba viza mtandaoni mapema. Tangu Mei 2025 kila mgeni anajaza pia kadi ya kuwasili ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Ukikuta tovuti inakudai pesa kuijaza, funga. Na kama unatokea Afrika Mashariki, kile kijitabu cha manjano cha chanjo kikae pamoja na pasipoti, siyo ndani ya begi kubwa.

Msimu mzuri ni Novemba hadi Februari. Septemba na Oktoba mito hujaa. Mwaka 2011 mafuriko yaliingia mpaka ndani ya magofu na kuzamisha viwanda vya jirani.

Treni napenda ya daraja la tatu. Nauli ya ile ya kawaida ni kama baht 20 (baht ni pesa ya Thailand), feni zinazunguka darini, madirisha wazi, na wauzaji wanapita na wali na kuku wa kukaanga kama vile uko kwenye reli ya kati. Nyingi za masafa marefu siku hizi zinaondokea stesheni kubwa mpya ya Krung Thep Aphiwat, na baadhi ya zile za kawaida bado zinatoka Hua Lamphong, stesheni ya zamani. Uliza kabla hujatoka nyumbani. Mwendo ni saa moja na nusu hadi mbili. Mwenye haraka atapata hiace kutoka kituo cha Mo Chit, hapa Bangkok.

Ukishuka Ayutthaya, vuka barabara, nyoosha na kichochoro kilicho mbele ya stesheni mpaka mtoni. Kuna boti ndogo inayokuvusha mto Pa Sak kwa baht chache. Mji wa kale ni kisiwa: Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi, mito mitatu, imeuzunguka pande zote, na ndiyo sababu wafalme waliuweka hapo mwaka 1350. Karibu na boti kuna maduka ya kukodisha baiskeli. Jaribu breki mbele ya mwenyewe, na ukiombwa kuacha pasipoti, toa amana ya pesa taslimu badala yake. Kama magoti yanalalamika, chukua bajaji. Za huku zina pua ya duara kama kichwa cha chura. Patana bei kwa saa, na mtaje mahekalu kwa majina kabla hujakaa.

Getini utagundua mgeni analipa zaidi ya mwenyeji, na bei ya mwenyeji mara nyingine imeandikwa kwa tarakimu za Kithai ili usiisome. Usikasirike. Serengeti na Maasai Mara tunawafanyia wenzetu hivyo hivyo.

Anza na Wat Mahathat (wat ni hekalu) saa mbili asubuhi, linapofunguliwa, kabla mabasi hayajafika. Wote wanakimbilia kichwa cha Buddha kilichoshikwa na mizizi ya mti, na kweli kinapendeza: uso umetulia, mizizi imeuzunguka kama kilemba. Ukitaka kupiga picha nacho, chuchumaa au piga magoti, kichwa chako kiwe chini ya chake. Mimi nilisimama. Mlinzi alipuliza filimbi mpaka njiwa wakaruka, na nikachuchumaa haraka kuliko nilivyowahi kuchuchumaa maishani.

Lakini usiishie hapo. Zunguka nyuma ukatazame shingo. Kuna safu ya sanamu zimekaa mikono mapajani, mabega kamili, vichwa hakuna. Sogea karibu na moja: ndani ni matofali, juu palikuwa na lipu, na pale kichwa kilipokuwa pamebaki kisiki. Watu hudhani ni uzee. Ni vita na wizi. Jeshi la Burma liliuzingira mji zaidi ya mwaka mzima, likauingia Aprili 1767 na kuuchoma. Baadaye wakaja wezi wa vitu vya kale, maana kichwa hubebeka na huuzika kuliko kiwiliwili. Na serikali mpya, ilipoanza kujenga Bangkok mwaka 1782, ilisafirisha matofali ya hapa kwa mashua kwenda kujengea kuta za kule. Ukuta unaouona umebomolewa na adui, kisha ukabomolewa na wenyewe.

Vuka barabara uingie Wat Ratchaburana. Kama una muda wa hekalu moja tu, liwe hili. Mwaka 1424 ndugu wawili waligombea kiti cha baba yao, wakapigana juu ya tembo, wakauana wote wawili. Mdogo wao wa tatu akawa mfalme, akajenga hekalu hili mahali zilipochomwa maiti zao. Chini ya mnara alifukia hazina. Wezi waliifikia mwaka 1957, na kilichookolewa sasa kiko kwenye makumbusho ya Chao Sam Phraya, mwendo mfupi kwa baiskeli: mapambo ya dhahabu, upanga wa kifalme, na tembo mdogo wa dhahabu aliyepiga magoti. Ndani ya mnara kuna ngazi za kushuka kwenye chumba chenyewe. Ni nyembamba, zimesimama wima, hewa nzito na harufu ya popo. Chini kuna michoro iliyofifia ukutani. Mwenye presha au anayeogopa pembamba abaki juu, asione aibu.

Wat Phra Si Sanphet, minara mitatu iliyopangwa mstari, ni hekalu lililokuwa la ikulu. Watawa hawakuishi humo, na majivu ya wafalme yaliwekwa ndani ya minara. Dakika arobaini zinatosha. Jirani yake, Wihan Phra Mongkhon Bophit, ni nyumba ya ibada inayotumika, na hapa ndipo khanga inapofanya kazi: mabega na magoti yafunikwe, viatu vibaki nje. Khanga moja unajifunika, unajikinga jua, na kwenye treni unaikalia. Wanaume, kaptura iwe ndefu. Kuingia na kutazama hakukufanyi Mbudha, wala hakuna atakayekulazimisha kusujudu. Kaa kimya, usielekeze nyayo kwenye sanamu, na dada zangu wasimguse mtawa.

Tembo wa kupandwa na watalii wapo. Mimi siwapandi.

Chakula: supu maarufu ya tambi za mashua mara nyingi huwekwa damu, kwa hiyo Mwislamu aulize au aipite. Wala hatalala njaa, kwani Waislamu wako Ayutthaya tangu zamani. Shekhe Ahmad, mfanyabiashara kutoka Qom, Uajemi, alifika mwanzoni mwa karne ya 17, akawa waziri wa mfalme na mkuu wa Waislamu. Kaburi lake liko ndani ya chuo kikuu cha Rajabhat cha mjini hapo. Ni Bahari ya Hindi ile ile iliyotuletea sisi hadithi za Washirazi wa Kilwa. Na ni Waislamu wa hapa waliouletea mji sifa ya roti sai mai. Mama muuzaji ana donge la unga laini mkononi. Analigusisha kwenye kikaango, analinyanyua, na utando mwembamba kama karatasi unabaki na kuiva kwa pumzi mbili. Ndani yake unaviringisha sukari iliyovutwa ikawa nyuzi, za kijani au waridi. Vibanda vimejipanga barabara ya U Thong, upande wa hospitali.

Saa kumi jioni chukua bajaji uvuke Chao Phraya hadi Wat Chaiwatthanaram, la mwaka 1630. Minara inageuka rangi ya chungu jua linapozama, na mabinti waliokodi nguo za zamani wanapigana picha. Mwambie dereva akusubiri, kisha kubalianeni saa ya treni. Hapa Mswahili ana bahati: Mthai anaposema song thum, yaani thum mbili (thum ni saa ya usiku), anamaanisha saa mbili usiku, sawasawa na yetu.

Roti usizifungue zote kwenye treni, ila usizilaze pia: unyevu ukiingia, nyuzi za sukari zinanata na kuwa donge.